Daftari la Mwalimu Bibiana

Nianze kwa kusema ukweli: walimu sijawahi kuwapenda. Nilisoma Temeke, darasa la watoto tisini, na nilichapwa na kila mtu aliyewahi kushika chaki katika shule ile, hata mwalimu wa dini. Kwa hiyo Bibiana Ndunguru aliposimama mlangoni pa ofisi yangu pale jengo la Tianxiu, Guangzhou, mwaka 2007, mgongo umenyooka, sketi imepita magoti, anangoja akaribishwe wakati wenzake wote huingia wakipiga kelele, nilijua kazi yake kabla hajafungua mdomo. Nilijikuta nimekaa vizuri kwenye kiti.

"Karibu, Mwalimu," nikamwambia.

"Nani amekwambia mimi ni mwalimu?"

"Mwalimu hajifichi, mama. Karibu ukae."

Mimi ni wakala wa mizigo, Maulid wa ghorofa ya tisa. Watu wananunua, mimi najaza kontena na kulisafirisha Dar. Bibiana alikuwa ameleta marobota mawili ya blauzi kutoka soko la Zhanqian, na nilipomuuliza amenunua kwa bei gani, nusura nicheke mbele yake. Kule Zhanqian mwenye duka anakubonyezea bei kwenye kikokotoo, wewe unashika kichwa, unasema "tai gui, laoban!", yaani ghali mno, bosi, unajifanya unaondoka, unaitwa, mnaanza upya. Bibiana aliitazama bei, akafikiri, akaona ni ya haki, akalipa. Tena akashukuru. Mizigo yake miwili ya kwanza ilimtia hasara, wa tatu hakununua.

Alikuwa mjane kutoka Mbinga, umri miaka arobaini na moja, cheti cha ualimu cha Daraja la Tatu A, miaka kumi na minane darasani. Mshahara wake ulikuwa haufiki laki moja na nusu kwa mwezi, na mwanawe alikuwa sekondari ya bweni. Aliomba likizo bila malipo ya miaka miwili, akakopa nauli, akaja China kufanya biashara kama alivyosikia wengine wanafanya. Ningemcheka zaidi kama nisingekuwa na shida ambayo yeye peke yake angeweza kuitatua.

Shida yangu ilikuwa Shifa, binti yangu wa miaka tisa. Mama yake alikuwa Dar, amekwenda kujifungua, na mimi nilikuwa naye hapa ofisini akizurura koridoni kutwa. Kichina cha sokoni alikijua kuliko mimi, aliweza kumwambia mchuuzi "mei you", hakuna, kwa dharau kamili ya Wachina wenyewe. Lakini ukimpa gazeti la Kiswahili alikuwa anatazama picha. Wala si yeye peke yake. Getrude, mama muuza nguo wa Moshi, alikuwa na wawili, Agape na William. Pandu wa Unguja, mwenye kibanda cha simu mtaa wa Dengfeng, alikuwa na Tahir. Mutua, Mkenya wa vipuri, alikuwa na Sarah. Shule za wageni hapa mjini ada yake ni ya mabalozi, na shule za Wachina zilitaka makaratasi ambayo hatukuwa nayo.

Tukamwomba Bibiana. Kila mtoto yuan mia tatu kwa mwezi. Akahesabu, akasema kwa watoto watano ni zaidi ya mshahara wake wa nyumbani, ingawa kodi ya chumba cha kufundishia ingemeza nusu. Akakubali, lakini kwa masharti, maana huyu alikuwa mwalimu mpaka kwenye mifupa. Aliandika barua kwa mwalimu mkuu mmoja Dar aliyesoma naye chuo. Jibu likaja: watoto wakirudi nyumbani watapokelewa kila mmoja kwenye darasa lake la umri, mradi waletwe na daftari la mahudhurio lililojazwa siku kwa siku pamoja na maendeleo yao. Bila daftari, wote wanaanza darasa la kwanza.

Hapo ndipo daftari lilipozaliwa. Alinunua kitabu kikubwa cha jalada gumu, akakipiga mistari kwa rula, kalamu nyekundu na ya bluu. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, kazi ya mzazi, simu, na mwisho kabisa safu ya mahali anapoishi: mtaa, jengo, namba ya chumba.

"Mwalimu," nikamwambia, "hapa mjini watu hawaandikishi wanapolala."

"Mtoto asipokuja siku mbili, mimi nitamtafuta wapi, Bwana Maulid?"

Getrude alitaja chumba chake bila wasiwasi, Mutua alitaja dukani na nyumbani, hata Pandu alitaja. Mtu ukiketi mbele ya mwalimu ameshika kalamu unarudi kuwa mtoto. Mimi nikamtajia jengo moja la mtaa wa nyuma na namba iliyonijia kichwani. Sikuwa na nia mbaya. Ni mazoea tu, na viza yangu haikuwa ya kutegemea.

Siku moja nilimtania ofisini, nikamuuliza kama usiku analala na daftari lake chini ya mto. Hakukasirika. Alikunywa chai yake, akanisimulia habari ya babu yake, mzaa baba, na nitaisimulia kama alivyoisimulia kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kumwelewa.

Babu yake aliitwa Yohane. Alianza kufundisha kabla ya vita vya kwanza, wakati wa Mjerumani, kwenye shule ya msituni ya misheni: banda la nyasi, magogo ya kukalia, watoto wanaokuja wakipenda. Elimu yake ilikuwa kusoma, kuandika, hesabu za kujumlisha na katekisimu. Mshahara rupia mbili kwa mwezi na kitambaa kimoja kwa mwaka. Vita vikaja, mapadri wakachukuliwa, shule ikabaki na yeye, na kwa miaka mitatu hakulipwa na mtu yeyote, akafundisha tu. Mwingereza alipokaa, akalipwa shilingi sita. Mpagazi, alisema Bibiana, alipata zaidi.

Kisha serikali ikatangaza kuwa itazipa shule za misheni ruzuku, lakini kwa shule yenye mwalimu mwenye cheti. Akaja mkaguzi, Mzungu amebebwa kwenye machela kwa sababu ya mguu mbovu. Yohane hakuwa na cheti. Alichokuwa nacho ni daftari: miaka kumi na minne, kila mtoto, kila siku, aliyekuja na aliyekufa. Mkaguzi alilifunua ukurasa kwa ukurasa, akaita padri aje aone. Akaandika ukurasa wa mwisho kwa mkono wake: daftari hili ni safi kuliko yote niliyoyaona jimboni, mwalimu hana cheti. Mwezi uliofuata akaletwa kijana wa miaka ishirini kutoka chuoni, kwa shilingi thelathini. Yohane alikuwa afukuzwe, lakini kwa ajili ya maneno ya mkaguzi padri akambakiza: apige kengele, na ajaze daftari, shilingi tano. Akalijaza mpaka alipokufa.

"Kwa hiyo kilichomwokoa ni daftari," Bibiana akasema.

"Kumwokoa? Alishushwa cheo, Mwalimu!"

"Alibaki shuleni," akasema. "Na mimi nina vyote viwili, cheti na daftari. Mkaguzi akija kwangu hana la kuandika."

Nilimwona mjinga kidogo siku ile. Nilimpenda pia, na nasema hivyo bila aibu, maana kila jioni Shifa alikuwa ananisomea maandishi ya kwenye maboksi ya mizigo, neno kwa neno, kidole kikifuata.

Mwaka 2008 mambo yakageuka. Kabla ya Michezo ya Olimpiki viza zikakatwa kuwa za siku thelathini. Wale waliozoea kwenda Hong Kong kugonga mpya wakarudi mikono mitupu, wengine hawakurudi. Tukadhani michezo ikiisha watalegeza. Michezo ikaisha, polisi wakabaki. Ukitembea Dengfeng kununua vocha unaombwa pasipoti, ukila unaombwa pasipoti, jengo linafungwa mlango wa mbele na wa nyuma na kila chumba kinagongwa. Viza yangu ilikuwa imekufa tangu Juni. Ya Getrude imekufa, ya Mutua imekufa, ya Pandu imekufa. Tulikuwa tunapeana habari kwa simu: wako sokoni, wako kituo cha basi, wako lifti ya pili.

Katika sisi wote mmoja tu alikuwa na karatasi kamili, naye ni Bibiana. Alijiandikisha chuo kimoja kusoma Kichina asubuhi, akalipa, akapata viza ya mwanafunzi. Kila alipohama chumba alikwenda kituoni siku hiyohiyo kuandikisha makazi, akapewa kijikaratasi, akakihifadhi kwenye nailoni. Tulimcheka kwa hilo pia.

Ilikuwa Jumatano ya mwisho ya Oktoba, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimekwenda kumchukua Shifa mapema kwa sababu mtaa haukuwa na harufu nzuri. Darasa lilikuwa ghorofa ya sita, jengo la zamani lisilo na lifti. Watoto wanne walikuwa wameketi, ubaoni hesabu za kugawanya, Sarah wa Mutua hakuja. Simu yangu ikalia. Alikuwa Pandu, kutoka Foshan, mji wa jirani alikokwenda kufuata bidhaa, naye ameambiwa na jirani.

"Maulid, mtoe mwanangu! Wameingia jengo la mwalimu, wako ghorofa ya pili!"

Sikuwa na nafasi ya watoto wanne. Nisingepita nao wote, na mimi sina viza. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na mpaka leo najiambia hivyo. Nikamshika Shifa mkono, tukatoka hadi chumba cha mbele, mbali na masikio ya watoto, Mwalimu nyuma yetu. Hapo nikaliona daftari mezani kwake, limefunguliwa, na ile safu ya mwisho.

"Mwalimu, lichane. Chana kurasa zile uzitie chooni. Sasa hivi!"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia amchane mtoto.

"Zimebaki wiki tano mwaka wa shule uishe," akasema. "Nikilichana wanaanza darasa la kwanza wote."

"Basi lifiche!"

"Nifiche nini? Sina kosa mimi. Bwana Maulid, hawa ni wakaguzi kama wakaguzi wengine. Wakikuta watu wanasoma na kila kitu kimeandikwa, wataona hapa hakuna uhuni."

Ningeweza kumpokonya. Nilikuwa na mkono mmoja mtupu, na yeye ni mwanamke mwembamba. Nikasikia viatu kwenye ngazi, nikapanda na Shifa mpaka juu ya paa, tukajibanza nyuma ya matangi ya maji saa mbili nzima. Mtoto hakulia. Alinong'ona meza ya saba, kutoka saba mara moja mpaka saba mara kumi na mbili, ndivyo mwalimu alivyowafundisha kutulia.

Yaliyotokea chini niliyasikia baadaye kwa Tahir, mtoto wa Pandu, aliyekuwa na miaka kumi na macho makali. Polisi walikuwa wanne. Mwalimu aliwaambia watoto wasimame, wakasimama, wakaamkia kwa Kichina. Akatoa pasipoti yake na kile kijikaratasi cha nailoni, polisi wakakagua wakatikisa kichwa, sawa. Wakauliza watoto hawa ni wa nani. Ndipo mwalimu akalichukua daftari, akalifunga, akampa mkubwa wao kwa mikono miwili. Yule polisi akafunua. Kiswahili hakukijua, lakini namba za simu ni namba za simu, na namba za vyumba ni namba za vyumba. Akapiga mhuri karatasi ya onyo kwamba chumba cha kuishi kisifanywe shule, akampa. Daftari akaondoka nalo.

Siku nne, hazikuzidi. Getrude alichukuliwa chumbani alfajiri, akakaa kizuizini wiki tatu, akapandishwa ndege na watoto wake wawili na begi moja. Marobota yake thelathini ya Krismasi yalibaki kwa mwenye nyumba. Mutua walimfuata dukani, safu ilikuwa na duka pia. Wakamrudisha kwao pamoja na mkewe na Sarah. Pandu alikuwa bado Foshan, hakushikwa, lakini chumba chake kilipekuliwa, simu zote za kibanda zikaenda, akabaki na nguo alizovaa na mtoto aliyeletewa na jirani.

Kwangu walikwenda pia. Pale nilipotaja palikuwa na duka la vitasa. Mwenye duka aliwaambia hana Mwafrika, wakaondoka.

Habari ikaenea mtaani kwa siku moja. Mwalimu ana viza, sisi hatuna. Mwalimu alikuwa anaandika tunapolala. Mwalimu aliwapa mwenyewe, kwa mikono miwili, mtoto ameona. Ukiisikia hivyo, hata mimi ningeamini. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunakula kwenye ule mgahawa wa Waswahili wa ghorofa ya pili, watu kama ishirini, Bibiana akaingia. Kelele zikakatika. Alisimama mlangoni akingoja akaribishwe, kama kawaida yake, na hakuna aliyemkaribisha.

Pandu akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu, sisi tulikulipa mia tatu utusomeshee watoto. Wale wamekulipa ngapi?"

"Mimi sikuwachongea, Bwana Pandu. Niliwadhania watalitazama tu."

"Watalitazama! Na Maulid je? Mbona Maulid hawakumpata?"

Watu wote wakanigeukia. Bibiana pia akanitazama, na nikajua anangoja. Nilikuwepo mle chumbani. Nilimsikia akisema wakaguzi, wiki tano, darasa la kwanza. Mtu pekee katika mji ule aliyejua kwa nini alifanya alivyofanya nilikuwa mimi. Lakini Pandu nilikuwa nimemwambia simu yake ilinikuta nimeshaondoka na Shifa; kumtetea ni kusema nilikuwepo, na kwamba nilimwacha Tahir mle ndani nikaondoka na wangu. Tena ni kueleza kwa nini chumba changu hakikuwa kwenye daftari, na kwa hali ya siku zile mtu aliyeficha anwani kabla ya msako angeulizwa alijuaje.

"Mimi nilikuwa nimehama," nikasema. Nikarudisha macho kwenye sahani.

Bibiana aligeuka akatoka. Chakula kilikuwa wali na samaki, nilikula mpaka nikamaliza.

Alikuja ofisini wiki ya kwanza ya Desemba, na sanduku lake, njiani kwenda uwanja wa ndege. Alikuwa amekonda. Hakukaa. Akatoa kwenye mkoba daftari jipya, jalada gumu, mistari ya nyekundu na bluu. Alikuwa ameliandika lote upya kwa kichwa: watoto watano, miezi kumi na minne, siku kwa siku, nani alikuja, nani aliugua mafua, nani alipata ngapi kwenye hesabu. Safu ya mwisho, mahali wanapoishi, ilikuwa tupu kwa kila mtoto isipokuwa Shifa.

"Ya kwako nimeiandika kama ulivyonipa," akasema. "Ile haimdhuru mtu."

Nikaanza kupanga karatasi za mizigo mezani.

"Nilifika pale mwezi wa tatu, Shifa alipougua siku tatu. Nilimletea machungwa. Yule mzee wa vitasa ni mtu mwema, alinipa kiti." Akafunga daftari. "Wenzako nilipowaandika nilikuwa sijui kama mtu anaweza kudanganya daftari la mtoto. Ningejua mapema, ningewaambia na wao wadanganye."

Akaliweka mezani mbele yangu.

"Nina ombi moja, Bwana Maulid. Wewe ulikuwepo. Waambie niliwadhania wakaguzi. Ni hilo tu."

"Nitawaambia, Mwalimu."

"Ahsante." Akanishukuru vilevile alivyowashukuru wale wa Zhanqian.

Daftari lake jipya nililipeleka Dar mwenyewe, niliporudishwa kwa nguvu mwaka uliofuata. Mwalimu mkuu alilipokea vizuri, akalitazama, akauliza mhuri uko wapi na la awali liko wapi. Kitabu kilichoandikwa chote kwa wino mmoja na kwa wiki moja hakiwezi kuwa daftari la mahudhurio, akasema, na hapo alikuwa na haki. Shifa akaanza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na mmoja, magoti hayaingii chini ya dawati. Agape na William vivyo hivyo. Wa Mutua sijui.

Bibiana naye alikuta jina lake limeondolewa kwenye orodha ya walimu. Barua yake ya likizo haikuonekana kwenye faili lolote, na daftari la mahudhurio la walimu wa shule yake lilimwonyesha hayupo siku kwa siku, miaka miwili. Mtoro kazini. Anafundisha chekechea ya mtu binafsi huko Mbinga kwa elfu sitini kwa mwezi, na Daraja lake la Tatu A wanalitundika ukutani kuvutia wazazi.

Pandu yuko Kariakoo siku hizi, ana duka la simu, tunakunywa kahawa pamoja. Kila akipita mtu aliyewahi kufika Guangzhou hadithi inarudi palepale, yule mwalimu mchongezi, aliwapa polisi daftari kwa mikono miwili. Tahir, kijana mkubwa sasa, anaonyesha kwa mikono alivyofanya. Watu wanasonya. Wananigeukia wanauliza, wewe Maulid si ulimjua?

Nilimjua, nawaambia. Alimfundisha binti yangu kusoma. Halafu naagiza kahawa nyingine.